Aliyemfunga Ndiye Mwenye Deni la Kivuli: Barua ya Wazi kwa Halmashauri ya Jiji la Tanga

Mheshimiwa Meya, waheshimiwa madiwani, ndugu Mkurugenzi wa Jiji, na ninyi nyote wa Divisheni ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi,

Nawaandikia mapema, upepo wa kusi ukiwa bado unatupa nafuu, kwa kuwa ninayoyaomba yanahitaji vikao, na vikao vinahitaji muda. Kaskazi ikishaanza kuvuma Desemba tutakuwa tumechelewa tena. Ombi langu kuu ni moja: Baraza la Madiwani litunge sheria ndogo inayomtaka kila anayemfunga mnyama kamba au mnyororo, anayemfungia kwenye kibanda au tenga, na anayemsafirisha ndani ya mipaka ya Jiji la Tanga, ampe kivuli na maji kwa saa zote za jua. Mengine nitakayoyataja yanatokana na hilo.

Joto la kwetu mnalijua. Februari na Machi kipimo cha mchana hufika kwa wastani nyuzi 32 hadi 33, na usiku nao hautoi pumziko kubwa. Jiji letu liko nyuzi tano hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi. Siku hizo, kati ya saa sita na saa saba mchana, ukuta hautoi kivuli cha kutosha hata kuweka mguu. Juu ya hayo kuna mvuke wa bahari: jasho linatoka lakini halikauki, na shati linashikana na mgongo tangu saa tatu asubuhi.

Sisi watu tuna mahali pa kukimbilia. Tuna kibaraza, mwembe, feni na dafu. Mnyama aliye huru naye ana akili yake. Paka wa Ngamiani utamkuta kwenye sakafu ya saruji nyuma ya mtungi, amejinyoosha tumbo likigusa ubaridi. Mbwa anayezurura hufukua mchanga chini ya mwarobaini mpaka afikie udongo wenye unyevu, kisha hulala humo hadi alasiri. Kuku hukaa chini ya ua wa michongoma, mbawa ameziachanisha na mwili. Hakuna aliyewafundisha. Ukichunguza wanyama wanaozidiwa na joto mjini kwetu, utakuta wengi ni wale ambao mtu amewaondolea uwezo wa kuondoka: amewafunga, amewafungia, amewapakia au amewaweka foleni. Kwa hiyo siwaletei lawama juu ya hali ya hewa. Nazungumzia mkono wa binadamu uliofunga fundo.

Chukueni mbwa wa lindo, kwa sababu yeye ndiye anayeteseka zaidi na kwa sababu nyumba nyingi za mjini, kuanzia Raskazone hadi Pongwe, zinamtegemea. Hufungwa asubuhi, mwenye nyumba akienda kazini, karibu na geti. Asubuhi ile geti lina kivuli cha ukuta, na mwenye nyumba anaondoka na amani moyoni kwamba mbwa wake yuko pazuri. Ifikapo saa nne kivuli kimehama. Mnyororo haujahama. Mbwa anakifuata kivuli mpaka shingo inamzuia, kisha anabaki juani. Karai la maji aliloachiwa amelipindua kwa mnyororo uleule akizunguka. Kibanda chake, kama kipo, kimeezekwa bati na kuzungushiwa bati, na mchana ule ndani yake kuna moto kuliko nje. Mwenye nyumba akirudi saa kumi na moja anamkuta mbwa amelala, anadhani ni mvivu.

Mbwa hatoi jasho kama sisi. Tezi za jasho alizonazo ziko kwenye nyayo, na zinamsaidia kidogo sana. Njia yake kubwa ya kujipooza ni kuhema: ulimi unatoka, pumzi inapita haraka juu ya ulimi na koo lenye mate, mate yanakauka, na kukauka kule ndiko kunakoondoa joto mwilini. Sasa hewa ya pwani iliyojaa mvuke haiyakaushi mate vizuri. Ndiyo maana nyuzi 32 za Tanga ni mzigo mzito kwa mbwa kuliko nyuzi hizohizo Dodoma, ambako hewa ni kavu. Mbwa mzima ana joto la mwili la nyuzi 38 na nusu hivi. Likivuka 40 yuko hatarini; likivuka 41 ubongo, ini, figo na utumbo vinaanza kuharibika, na hata akipona siku ile anaweza kufa siku ya pili au ya tatu bila mwenye mbwa kuunganisha mambo hayo mawili.

Mbwa wetu wa kienyeji, mwenye manyoya mafupi na pua ndefu, amezoea pwani kwa vizazi. Lakini siku hizi watu wanaleta mbwa wa Kijerumani mwenye manyoya ya tabaka mbili, wanaleta mbwa wakubwa wazito kutoka Afrika Kusini, na wachache wanaleta wale wa pua bapa ambao hata kwenye baridi kupumua kwao ni kazi. Sisemi wasiletwe. Nasema anayemleta mnyama wa namna hiyo kwenye mji huu amejitwisha wajibu mkubwa zaidi, na Halmashauri inayotoza ada na kutoa vibali inayo nafasi ya kumkumbusha. Hapo naziweka pia kampuni za ulinzi. Mbwa wao husafirishwa kwa pikapu ndani ya makasha ya bati yenye matundu machache, yakisubiri juani wakati askari wanabadilishana zamu. Hata gari lililofungwa juani hupanda joto kwa nyuzi 10 ndani ya dakika 10 za mwanzo, na ndani ya saa moja hupanda zaidi ya nyuzi 20. Anzeni na nyuzi 32, mjumlishe wenyewe.

Waheshimiwa, kuna jambo ambalo nataka mlitazame kwa makini kuliko yote, kwa kuwa linagusa wanyama na linagusa roho za watu. Wengi wetu tumekulia kwenye imani kwamba kichaa cha mbwa huletwa na jua. Tunasikia majumbani: jua limekuwa kali, mbwa wataanza kuchanganyikiwa. Si kweli. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi, na virusi hivyo huingia kwa mate ya mnyama mgonjwa, hasa akiuma. Jua la Februari haliwezi kumpa mbwa kichaa, kama vile baridi ya Lushoto haiwezi kumkinga.

Imani hiyo ina madhara pande mbili. Upande wa kwanza ni wa mbwa. Mbwa aliyezidiwa na joto huyumba, hutoa mate mengi mazito, macho humtoka, haitiki akiitwa, mwisho hudondoka na kutetemeka. Anayemwona barabarani akiwa hivyo, tena msimu wa jua, anapiga kelele ya kichaa, na vijana wanakuja na mawe na marungu. Mnyama aliyehitaji ndoo mbili za maji na kivuli anauawa mbele ya watoto. Upande wa pili ni wa watu, na huu ni mbaya zaidi. Anayeamini kwamba kichaa ni kitu cha jua atamwona mbwa mgonjwa kweli mwezi wa Julai, wakati wa baridi, na hatamshuku. Ataumwa, ataosha kidogo, atafunga kitambaa, na hatakwenda hospitali. Dalili za kichaa zikishajitokeza kwa mtu, hapana tiba ya kumrudisha. Makisio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 yalisema Watanzania wapatao 1,500 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, na kwingineko kama hapa, sehemu kubwa ya wanaoumwa na mbwa ni watoto.

Kwa hiyo elimu juu ya joto na elimu juu ya kichaa zinapaswa kutolewa pamoja, kwa mdomo mmoja, na maofisa wenu. Mwananchi aambiwe hivi. Mbwa usiyemjua anayeyumba na kutoa mate, usimkaribie na usimpige. Waondoe watoto, funga geti, mpigie ofisa mifugo wa kata. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachanjwe. Lakini mbwa wako mwenyewe, aliyechanjwa, mwenye kadi, uliyemwona asubuhi akila na akicheza, akianza kuyumba saa nane mchana baada ya kukaa juani, huyo amezidiwa na joto na una dakika chache za kumwokoa. Kadi ya chanjo ndiyo inayompa mwenye mbwa ujasiri wa kumgusa. Mbwa asiyechanjwa akizidiwa na joto hana wa kumsogelea, na kwa haki.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kampeni zenu za chanjo, ambazo nazishukuru kwa dhati. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukatika katika eneo hilo, na kisiwa cha Pemba, ng'ambo ya maji tu kutoka kwetu, kimeonyesha kwamba inawezekana. Dunia imejiwekea lengo la kufikia mwaka 2030 bila mtu kufa kwa kichaa kinachotokana na mbwa. Lakini kampeni ya chanjo ikifanyika kwenye uwanja wa shule usio na mti, kuanzia saa nne asubuhi, mwezi wa joto, inageuka mateso. Watoto ndio wanaotumwa kuwapeleka mbwa. Wanawavuta kwa kamba za katani juu ya lami na mchanga unaounguza nyayo, wanasubiri foleni saa mbili, mbwa wanagombana kwa kiu na hofu, mtoto anaumwa na mbwa palepale alipomleta mbwa wake achanjwe. Mwaka unaofuata mama anamwambia mtoto abaki nyumbani na mbwa wake, na namba yenu ya chanjo inashuka.

Rekebisho lake halina gharama kubwa. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa kila tarehe 28 Septemba, na tarehe hiyo kwetu iko ndani ya miezi ya nafuu. Kampeni ya jiji zima ipangwe kati ya Julai na Septemba. Ianze saa kumi na mbili na nusu asubuhi na ifungwe saa nne. Kituo kiwe chini ya miti, na Tanga bado ina miembe ya kutosha katika kila kata kwa yule anayetaka kuitafuta. Liwepo pipa la maji na makarai, na mbwa wakubwa wakali wapangiwe zamu yao. Wanafunzi wa chuo cha mifugo cha Buhuri, kilicho humu humu jijini, wapewe kazi ya kuzungumza na watoto wakiwa kwenye foleni: mbwa wako anafungwa wapi mchana? Anakunywa maji kwenye nini? Kuna kivuli saa saba? Maswali matatu hayo, kwa mtoto anayempenda mbwa wake, yatafika nyumbani kabla ya tangazo lolote la redio.

Naambiwa na baadhi ya watu kwamba kuzungumzia kivuli cha mbwa katika mji ambao watu wana shida zao ni anasa. Hoja hiyo naiheshimu, kwa kuwa anayeitoa mara nyingi ni mtu anayebeba ndoo ya maji kichwani. Lakini Tanga yenyewe imeshalijibu swali hili. Tangu miaka ya 1980, kwa msaada wa Uholanzi, wafugaji wadogo wa mkoa wetu walifundishwa kufuga ng'ombe wa maziwa ndani ya banda. Walifundishwa kwamba ng'ombe aliyefungiwa hawezi kujitafutia, kwa hiyo kila anachohitaji lazima kimfuate alipo: majani, maji safi muda wote, paa lililoinuliwa ili hewa ipite, sakafu isiyotuamisha mkojo. Waliolizingatia hilo walipata maziwa, na maziwa hayo yakajenga kiwanda cha Tanga Fresh ambacho jina lake linajulikana nchi nzima. Waliodharau waliona ng'ombe akiacha kula kwa joto na maziwa yakipungua. Hakuna aliyesema banda la ng'ombe ni anasa. Tulielewa haraka kwa sababu ng'ombe alitulipa kwa lita. Mbwa hutulipa kwa usiku tunaolala bila hofu, na paka kwa unga ambao panya hakuugusa. Kanuni iliyotufaa kwenye banda la ng'ombe ndiyo ninayoomba ifike getini.

Tena si hisani ninayoiomba. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008. Msingi wake ni uhuru wa aina tano: mnyama asiwe na njaa wala kiu, asikae mahali pa mateso, asiachwe na maumivu wala ugonjwa, asiishi kwa hofu, na aweze kuishi kwa tabia za asili yake. Mbwa aliyefungwa juani na karai lililopinduka amenyimwa karibu yote kwa mpigo. Sheria iko, ina adhabu zake, lakini niulizeni ni wangapi Makorora au Chumbageni wanaojua kwamba ipo. Sheria ya nchi inazungumza kwa mapana; mwenyekiti wa mtaa anahitaji kitu kifupi cha kumwonyesha jirani. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Namba 8 ya mwaka 1982, inawapa ninyi uwezo wa kutunga sheria ndogo, na mnautumia kila siku kwa usafi, masoko na mifugo inayozurura. Utumieni na kwa hili. Isiwe sheria ya kukimbilia faini. Mara ya kwanza mtu aelekezwe, mara ya pili aandikiwe onyo, na faini ibaki kwa mkaidi na kwa kampuni inayofanya biashara kwa kutumia mnyama.

Gharama ya kutii ni ndogo mno. Makuti hayajatuadimikia. Vigingi vinne na makuti machache, yaliyoinuliwa juu ya kimo cha mtu ili upepo upite chini yake, vinatoa kivuli kilicho bora kuliko kibanda cha bati. Anayelazimika kutumia bati aweke makuti juu yake. Mnyororo ufungwe kwenye waya mrefu uliovutwa kutoka ukuta hadi mti, ili pete iteleze na mbwa akifuate kivuli kinapohama. Maji yawekwe kwenye chombo kizito cha udongo kilichozikwa nusu ardhini: hakipinduki, na udongo hutoa jasho na kuyapooza maji, kama bibi zetu walivyojua kwa mitungi yao. Watafiti hapa nchini wametumia ujuzi huohuo kujaribu kuhifadhi chanjo ya kichaa cha mbwa kwenye vyombo vya udongo, kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme. Mbwa wa kilo 20 anahitaji lita moja na kidogo kwa siku ya kawaida, na mara mbili yake wakati wa joto kali. Hayo ni maji tunayomwaga tukisuuza vikombe.

Nina neno kuhusu Ramadhani, na nalisema kwa heshima, kwa kuwa ni jambo la kwetu. Kwa miaka hii mwezi mtukufu unaangukia Februari na Machi, katikati ya kaskazi. Mchana jiko limelala, hakuna anayekunywa, na chombo cha maji cha mnyama husahauliwa kwa sababu hakuna kiu ya mtu inayokikumbusha. Mnyama hana saumu. Nawaomba masheikh na maimamu walitaje hili kwenye darsa: wakati wa daku, jaza chombo cha paka na cha mbwa kabla ya kutia nia. Kila mtoto wa chuoni anakijua kisa cha yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji kwa ajili ya mbwa mwenye kiu, akasamehewa, na cha yule mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa, akaangamia kwa ajili yake. Katika visa vyote viwili shida ya mnyama ilikuwa kwamba hakuweza kukifikia mwenyewe alichokihitaji. Anayesema mbwa ni najisi na kwa hiyo hamhusu, kisa cha kwanza kinamjibu. Maji huwekwa chomboni na mkono unabaki safi. Mapadri na wachungaji nao wana mimbari zao, na nyumba za waumini wao zina mageti yaleyale.

Wanyama wengine nawataja kwa ufupi, ingawa hawastahili ufupi. Sungura hawezi kuhema kama mbwa wala kutoa jasho. Hutegemea masikio yake kutoa joto, na hewa ikivuka nyuzi 30 ndani ya kizimba cha bati anaweza kufa mchana mmoja. Kuku wanaofika stendi ya Kange wakiwa wamesongamana kwenye matenga juu ya mabasi kutoka Handeni na Korogwe, na wale wanaozungushwa mjini wakining'inia vichwa chini kwenye baiskeli, wanahema midomo wazi mpaka wanakauka. Sheria ndogo iwaguse. Paka kwa kawaida hujiokoa, ila ukimwona paka akihema mdomo wazi kama mbwa, ujue hali ni mbaya. Kwenye soko la samaki la Deep Sea na kwenye masoko ya Mgandini na Makorora, bomba moja lenye kihori kidogo cha saruji chini yake lingewatosha paka wote wa sokoni, kwa maji yanayodondoka tu. Wanaowapeleka mbwa ufukweni jioni nao wakumbuke maji ya kunywa, kwa sababu mbwa mwenye kiu hunywa ya bahari, na chumvi humzidishia ukavu na kumtapisha. Kabla ya kumtoa, weka kiganja chako juu ya lami; usipoweza kukiacha hapo kwa muda wa kuhesabu hadi saba, nyayo zake pia hazitaweza.

Kwa wale watakaosoma barua hii wakiwa na mbwa nyumbani, naomba Halmashauri iniruhusu niseme nao moja kwa moja. Akizidiwa, mtoe juani mara moja. Mmwagie maji ya kawaida ya bomba mwili mzima, hasa tumboni, kwapani, mapajani na kwenye nyayo, na mpepee kwa nguvu huku ukiendelea kummwagia. Usimfunike kwa taulo lililolowa ukaliacha, kwa sababu linapata moto na kulizuia joto lisitoke. Usimnyweshe kwa nguvu, maji yatamwingia mapafuni. Mwekee karibu ya kunywa mwenyewe kidogo kidogo. Usisubiri usafiri ndipo umpooze. Mpooze kwanza, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama ameinuka na kutikisa mkia. Wala usimnyoe mbwa wa manyoya ya tabaka mbili ukidhani unamsaidia, kwani manyoya yale humkinga na jua. Mchane, yaliyokufa yatoke, hewa ipite.

Jirani zetu wa pwani wameshachukua hatua kubwa kuliko hii. Lamu, mji ambao punda ndiye mchukuzi wake, una kituo cha kuwatibu punda tangu mwaka 1987, na watu wa Lamu hawakungoja kuwa matajiri ili kiwepo. Sisi tumeitwa jiji tangu mwaka 2005. Tuna chuo cha mifugo, tuna maofisa ugani, tuna madaktari, tuna wafugaji waliofundishwa kwa miaka zaidi ya 30 maana ya kivuli na maji. Kilichobaki ni uamuzi wa kikao.

Nawaomba basi, waheshimiwa: rasimu ya sheria ndogo ya kivuli na maji iletwe mbele ya Baraza la Madiwani kwenye kikao cha robo mwaka kinachokuja, na wananchi tuitwe kutoa maoni kwenye mitaa yetu. Ratiba ya chanjo ya mwaka ujao ihamishiwe miezi ya kusi na saa za asubuhi. Leseni ya kampuni ya ulinzi yenye mbwa isihuishwe kabla ofisa mifugo hajaliona banda lao na gari lao, saa saba mchana. Na tangazo lipelekwe kwa wenyeviti wa mitaa yote kabla ya Desemba, lisomwe misikitini, makanisani na shuleni.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mfugaji na mkazi wa Jiji la Tanga